Maswali ya Wazamiaji: Nani Akufundishe Uzamiaji wa Kiufundi, na Wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nimezamia kwa burudani kwa miaka kadhaa, nina cheti cha ngazi ya juu, cha uokoaji na cha naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni. Sasa nataka kuvuka mita 40, nizifikie meli zilizozama ambazo wenzangu wananisimulia. Nimeanza kutafuta mafunzo ya uzamiaji wa kiufundi, ule unaovuka mipaka ya burudani, na nimechanganyikiwa. Kwenye mashirika yanayotoa vyeti, rafiki mmoja ananiambia TDI, mwingine anaapa kwa GUE, wa tatu anasema PADI nao wanafundisha, kwa hiyo nibaki na niliowazoea. Kuna kituo kimeniahidi kunitoa hapa nilipo hadi traimiksi (mchanganyiko wa oksijeni, naitrojeni na heliamu) ya mita 60 kwa wiki mbili, mahali penye maji maangavu na ukuta wa mwamba unaoshuka moja kwa moja. Kuna mwalimu mwingine, yuko peke yake, anafundishia kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Ni baridi, hakuna samaki, na nilipomwuliza nitamaliza lini hakutaka kunipa tarehe. Moyo wangu uko kule kwenye ukuta. Nichague shirika gani, na niende wapi?

*Msomaji anayetamani kina*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako imetaja mashirika, mahali na muda. Mtu atakayekuwa ubavuni mwako mkiwa mita 45 chini hayumo, isipokuwa huyo wa machimboni uliyemtaja kwa kumlalamikia. Mimi ningeanza na huyo.

Habari za mashirika nazimaliza haraka, kwa sababu watu hubishana juu yake kuliko inavyostahili. IANTD lilianza mwaka 1985, Dick Rutkowski alipoanza kuwafundisha wazamiaji wa kawaida kutumia naitroksi. TDI likaja 1994, GUE 1998, na PADI wakaingia na mafunzo yao ya kiufundi mwaka 2000. Yote yametoa wazamiaji wazuri sana, na yote yana walimu ambao nisingewakabidhi mtoto wangu. Tofauti ziko kwenye mfumo. GUE wanakutaka uanze na kozi yao ya misingi, wavutaji sigara hawapokelewi, vifaa vinapangwa kwa namna moja kwa kila mtu, na cheti chenyewe kinahitaji kuhuishwa. TDI na PADI wamekata safari vipande vidogo zaidi, na wanamwachia mwalimu nafasi kubwa ya kuamua. Nafasi hiyo mwalimu mzuri huitumia kukufundisha zaidi ya kilichoandikwa. Mvivu huitumia kukufundisha kile tu kilichoandikwa.

Usizilinganishe kozi kwa namba ya mita. Kozi ya traimiksi ya TDI inaishia mita 60, ile ya kwanza ya PADI mita 65, na Tech 1 ya GUE mita 51. Ukiangalia namba peke yake utasema PADI ndiyo inayokupa kikubwa na GUE inakubania. Uliza badala yake: kwenye kina hicho nitavuta gesi gani? Hapo ndipo mashirika yanapotofautiana kweli, na hapo mimi nina upande.

Baadhi ya kozi bado zinaruhusu hewa ya kawaida hadi mita 50 au 55. Kwenye mita 55 shinikizo ni 6.5 bar. Ulevi wa naitrojeni unaujua, na hapo umekukalia vibaya. Lakini kuna jambo jingine ambalo zamani halikusemwa sana: uzito wa gesi yenyewe. Mwaka 2016 watafiti Gavin Anthony na Simon Mitchell walichapisha kazi iliyopendekeza gesi unayovuta isizidi gramu 5.2 kwa lita, na ikibidi sana isivuke 6.2. Hewa ya kawaida hufika 5.2 ukiwa mita 30 tu. Kwenye mita 55 inazidi gramu 8. Gesi nzito kiasi hicho mapafu yanashindwa kuisukuma vizuri unapofanya kazi, kabonidioksidi inajilimbikiza mwilini, na mtu anaingiwa na hofu bila kujua inatoka wapi. Traimiksi yenye oksijeni asilimia 18 na heliamu asilimia 45, ukiishusha mita 60, iko karibu na gramu 5.6. Kwa hiyo mwalimu akikwambia hewa ya kina kirefu ni ya kukukomaza kabla hujapewa heliamu, mshukuru, kisha utafute mwingine. Najua wapo wanaoheshimika ambao hawakubaliani nami.

Sasa twende kwa mwalimu, maana ndiye kozi.

Kwanza, awe anazamia kwa kiwango anachofundisha, nje ya kufundisha. Mwulize: mara ya mwisho umezamia traimiksi lini bila mwanafunzi, na wapi? Mtu anayeipenda kazi hii atakujibu hapo hapo, na huenda akakuonyesha picha mpaka uchoke. Anayeshuka na wanafunzi peke yao, kwenye eneo lile lile, kwa mpango ule ule, anapoteza makali ya kukutana na jambo ambalo hakulitegemea.

Mwulize pia ameshawahi kumnyima mtu cheti. Hili swali nalipenda kuliko yote. Kama hakuwahi hata mmoja, basi ama anachuja wanafunzi kwa ukali mno kabla ya kuwapokea, jambo ambalo ni jema na ataweza kulieleza, ama anauza kadi. Hakuna njia ya tatu ninayoijua.

Kisha omba kuzamia naye mara moja kabla ya kulipia kozi, hata kama ni mita 10. Hapo mtazame wewe. Akiwa nchi kavu, anapima gesi yake mwenyewe, au anaamini maandishi ya aliyejaza mtungi? Na hili nakueleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloua. Katika uzamiaji huu utabeba mitungi ya kando yenye gesi za kupandia. Mchanganyiko wa oksijeni asilimia 50 unauanza kwenye mita 21, ambapo shinikizo la oksijeni yake ni 1.55 bar, chini kidogo ya kikomo cha 1.6 tunachokikubali wakati wa kupumzika. Oksijeni tupu unaianza mita 6, ambapo imegusa hiyo 1.6 kamili. Ukikosea ukauweka mdomoni ule mchanganyiko wa asilimia 50 ukiwa mita 45, unavuta oksijeni ya 2.75 bar. Degedege linaweza kuja bila onyo, regulata inatoka mdomoni, na mtu anazama maji akiwa na gesi tele mgongoni. Ndiyo maana kila mtungi hupimwa na atakayeuvuta, ukabandikwa utepe wenye kina chake cha mwisho kwa tarakimu kubwa, na kubadilisha gesi kukawa kazi ya watu wawili: mmoja anabadilisha, mwenzake anasoma utepe na kuufuata mpira wa regulata kwa macho hadi mdomoni. Mwalimu anayefanya hivi pale ambapo hakuna anayemtazama ndiye unayemtaka. Asiyefanya, hata awe na vyeti ukuta mzima, mwache.

Majini mtazame anavyotulia. Mwili umelala sambamba na sakafu, magoti yamekunjwa, mapezi hayachafui maji, na akisimama mahali anabaki hapo hapo bila kupunga mikono. Akikuonyesha zoezi, aweze kulifanya polepole bila kupanda wala kushuka. Akipiga magoti chini ili akuonyeshe namna ya kufunga vali, umeshapata jibu lako.

Kuna alama nyingine ambayo mimi huiamini: mwalimu mzuri ana sababu kwa kila kanuni, na mara nyingi sababu hiyo ni ajali. Mafunzo ya mapango yalijengwa hivyo. Sheck Exley, mzamiaji wa mapango wa Florida, alizichambua ajali moja baada ya nyingine, na yale yale yakawa yanajirudia: watu hawakuwa na kamba ya kuongozea hadi nje, hawakubakiza theluthi mbili za gesi kwa ajili ya kutoka, walikwenda kina kirefu kuliko uwezo wao. Baadaye ikaongezwa kukosa mafunzo, na kukosa taa za kutosha. Kanuni ya theluthi unayoisikia leo inasimama juu ya watu waliokufa. Mwalimu aliyenifundisha mapango alitufumba macho nchi kavu, akatufuatisha kamba aliyoizungusha kwenye miti, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye bega la mwenzako, siku nzima, kabla hatujaloa. Kila tulipokwama alitueleza ni nani aliwahi kukwama namna hiyo, na ilikuwaje. Sikuhitaji kuuliza shirika lake ni lipi.

Kuhusu mahali, hapa moyo wako na mimi hatuafikiani.

Wewe unawaza kina. Uzamiaji huu unajifunzwa zaidi kwenye mita 6. Ukikaa dakika 25 kwenye mita 45 kwa hewa, kupanda kwako kunaweza kukudai karibu nusu saa ya kusimama njiani, sehemu kubwa karibu na uso wa maji. Muda huo juu yako pana dari usiyoiona. Ukiipasua, viputo vinajitengeneza mwilini. Sasa weka hapo yanayotokea kwa kawaida: miwani inaingiza maji, mwenzako anakosa gesi, unatakiwa kupeleka boya juu, unabadilisha mtungi. Yote haya uyafanye huku kina chako hakichezi zaidi ya nusu mita. Mtu hawezi kuyapata haya kwenye ukuta unaoshuka mita mia, ambako mwalimu nusu ya akili yake iko kwenye kukuzuia usidondoke. Anayapata kwenye maji yenye sakafu au jukwaa karibu, ambako anaweza kurudia zoezi mara nane asubuhi moja, akapanda, akala, akatazama video yake, akashuka tena. Machimbo ya mawe yanafaa sana kwa kazi hiyo. Yanachosha macho, nakubali.

Ona Dahab, kule Misri. Blue Hole yake inaingiwa kutoka ufukweni, maji ni maangavu, na kina kiko hatua chache tu. Kwa mafunzo ya juu ni mahali pa thamani. Lakini tao lake, ambalo dari yake iko kwenye mita 50 na ushee, limeua watu wengi, na pembeni pana mawe ya ukumbusho yenye majina yao. Wengi wa waliojaribu kulipita kwa mtungi mmoja wa hewa hawakuhisi kwamba wako ndani sana, kwa sababu mwanga ni mzuri na hakuna kinachokutisha. Mahali panapokupa kina kwa urahisi panakutaka uwe umeshafundishwa kabla hujafika.

Chagua mahali kwa kuwaza utakakokuwa unazamia baadaye. Kama ndoto yako ni meli za Wajerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe kule Scapa Flow mwaka 1919, ambazo nyingine zimelala kwenye mita 45, jifunze kwenye baridi, ndani ya suti kavu na glavu nene, kwa sababu huko vidole havitii amri. Kama ni mapango, nenda kwenye mapango. Florida itakufundisha mkondo mkali unaokusukuma nje, Meksiko itakufundisha kupita kati ya mawe dhaifu bila kuyagusa. Malta ina meli zilizozama kwa vina vya kila namna na chemba ya shinikizo hospitalini ya kumtibu mzamiaji aliyepata viputo mwilini, ndiyo maana walimu wengi huipenda. Popote uendapo, uliza chemba iko umbali gani na nani atakufikisha, oksijeni ya huduma ya kwanza iko wapi siku ya mazoezi, na kama heliamu inapatikana au hukatika. Nimeona watu wamesafiri mbali kwa kozi ya traimiksi, heliamu ikakosekana, na kituo kikawashawishi kumalizia kwa hewa. Jibu la ushawishi huo ni kufunga begi.

Na zile wiki mbili? Hapana. Kati ya naitroksi yako na traimiksi ya mita 60 kuna kozi kadhaa, na kati ya kozi na kozi panatakiwa kuzamia kwingi kusiko na mwalimu, wewe na wenzako mkipanga na kutekeleza wenyewe, hadi zoezi liwe tabia. Kituo kikizibana zote pamoja, kinakupa kadi ya mita 60 na uzoefu wa wiki mbili, na chini kule ni uzoefu tu utakaokuwa nao.

Yule wa machimboni hakukupa tarehe. Mpigie tena. Mwulize kwa nini. Akikujibu kwamba inategemea utakavyojisawazisha majini, na kwamba angependa kukuona kwanza kabla ya kusema lolote, lipia naye siku moja. Ukuta upo, utakusubiri.

Swali

Mwalimu, nilimaliza siku zote za kozi ya dekompresheni, yaani kupanda kwa kusimama njiani, na mwalimu wangu akaninyima cheti. Sababu aliyotoa ni kwamba siwezi kufunga vali za mitungi ya mgongoni kwa wakati. Wenzangu wawili wamepata. Nimelipa fedha kamili. Je, nimedhulumiwa?

*Msomaji aliyevunjika moyo*

Jibu

Pole, ndugu yangu. Najua inavyouma, hasa wenzako wakipiga picha na kadi zao.

Hukununua cheti, ulinunua mafunzo, na mwalimu ana wajibu wa kutokupa kile ambacho hakijakamilika. Vali si mchezo wa kuonyeshana. Mitungi miwili ya lita 12 iliyojazwa bar 200 ina lita 4,800 za gesi. Mpira ukipasuka nyuma ya shingo yako, gesi hiyo inakwisha kwa dakika chache, na hesabu yako yote ya kupanda imeandikwa juu yake. Ukifunga upande uliovuja mapema, unabaki na upande mwingine na unarudi nyumbani. Ukichelewa, wewe na wenzako wote mnaishi kwa gesi ya mwenzako mmoja.

Lakini nakuuliza nawe. Alikueleza kiwango kabla kozi haijaanza? Alikwambia tangu siku ya pili kwamba vali zinakusumbua, au alikaa kimya hadi siku ya mwisho? Alichunguza ni kitu gani kinakuzuia? Mara nyingi si uzembe wa mwanafunzi. Mitungi imening'inia chini mno mgongoni, mikanda imebana mabega, nguo ya ndani ya suti kavu haitoi nafasi ya kiwiko, au bega lina jeraha la zamani. Nusu ya wanafunzi wangu wenye shida hiyo hupona kwa kupandisha mitungi juu kidogo tu. Kama alikuonyesha haya na akakupa masharti ya kurudi, umepata mwalimu wa kweli, rudi kwake. Kama alikushangaza siku ya mwisho bila neno lolote kabla, kukunyima kulikuwa sahihi na kufundisha kwake kulikuwa kubovu. Mwombe maandishi ya kinachopungua, ukamalizie kwa mwingine.

Na hao wenzako waliopata, endelea kuzamia nao. Mazoezi ya vali yafanyeni pamoja kila mnaposhuka, mita 5 zinatosha.

Swali

Shikamoo. Nina fedha za kununua mashine ya mzunguko wa kufunga, ile inayosafisha hewa uliyotoa na kuirudisha. Kuna anayeniambia nianze nayo moja kwa moja, mitungi miwili imepitwa na wakati. Ni kweli?

*Msomaji mwenye haraka*

Jibu

Marahaba. Mashine hizo ni nzuri ajabu, nami nazitumia. Hutumia heliamu kidogo mno, na ukimya wake majini hauna mfano. Lakini mtungi wa kawaida ukiharibika unakupigia kelele na viputo. Mashine inaweza kukupa gesi isiyo na oksijeni ya kutosha huku unajihisi vizuri kabisa hadi fahamu zinapotoka. Ulinzi wako ni kusoma seli za oksijeni, vile vipimo vya oksijeni ndani ya mashine, bila kuchoka, kuzibadilisha kabla hazijazeeka, kupanga dawa ya kunyonya kabonidioksidi ipasavyo, kufuata orodha ya ukaguzi kila mara hata ukiwa umechelewa boti, na kuwa na mitungi ya dharura unayoijua.

Kwa hiyo ile mitungi ya dharura jifunze kwanza. Mashine ikikataa, unakuwa mzamiaji wa mitungi mwenye dekompresheni hapo hapo, bila maandalizi. Cheti cha mashine hizi hutolewa kwa aina moja maalumu, si kwa mashine zote, na ngazi ya kwanza mara nyingi hukomea mita 40 hivi. Kwa hiyo usinunue mashine halafu uanze kumtafuta mwalimu. Mtafute mwalimu anayezamia na aina hiyo hiyo, ya kwake mwenyewe, kila anapokwenda majini kwa raha zake. Kaa naye anapoikusanya asubuhi. Akiruka mstari mmoja wa orodha, fedha zako zibaki benki.